Apdeti za kompyuta Unguja na Pemba: tupeane uzoefu

Mwenye steshenari, Mlandege
Assalaam alaykum wanajamvi. Nimefungua mada hii kwa sababu kila ninayezungumza naye kuhusu apdeti ana lake. Mmoja anazilaani, mwengine anasema zimemuokoa.

Naanza mimi. Msimu wa maombi ya mikopo ya vyuo duka langu hujaa mpaka barazani. Siku ya mwisho ya kutuma, kijana kasimama na vyeti mkononi, fomu imefika ukurasa wa mwisho, mashine ikajizima. Kioo cha buluu, maandishi ya "usizime kompyuta", asilimia zikaanza kutambaa. Ikafika 30, ikaganda. Kijana anatazama saa, mimi natazama kioo, na foleni nyuma yake inanung'unika. Ilirudi, fomu ikaenda, lakini roho ilinipanda juu khasa.

Hata hivyo apdeti sizizimi. Kazi yangu ni kupokea flashi za watu, na flashi moja hupita afisi, skuli na madukani kabla ya kunifikia. Mnavijua vile virusi vinavyoficha mafolda na kuacha shotikati tupu. Mtu analeta tasnifu yake, anafungua, haioni. Mashine isiyo na kinga ya karibuni inavibeba na kumgawia kila mteja anayefuata. Hiyo ni amana ya watu, siwezi kuichezea.

Nilichofanya: kwenye mipangilio ya Windows Update kuna sehemu ya saa za kazi. Nimeweka saa mbili asubuhi hadi saa nne usiku, na ndani ya saa hizo haijiwashi upya yenyewe. Haya, leteni yenu.

Mwalimu, Wete
Wa alaykum salaam. Kwetu tatizo ni bando. Chumba cha kompyuta cha skuli tunakiwashia intaneti kwa simu yangu. Nikiunganisha mashine asubuhi kutayarisha somo, kabla ya adhuhuri bando la wiki limekwisha na somo halijapakuliwa. Kila mashine inavuta apdeti yake peke yake. Inaumiza, maana pesa ni za mfukoni.

Wa kitengo cha TEHAMA, Unguja mjini
Pole sana mwalimu. Fanya mambo mawili. Kwanza, kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya kila mashine, iambie kwamba huo ni mtandao wa kulipia kwa kipimo. Nyingi ya apdeti zitasubiri mpaka uziruhusu mwenyewe. Pili, siku unayoziruhusu, washa kile kipengele cha Delivery Optimization na uchague kompyuta za mtandao wa ndani tu. Mashine moja ikishapakua, nyengine zinaweza kuchukua sehemu kubwa kutoka kwake badala ya kula bando lako upya.

Lakini nawaomba msizizime kabisa. Kumbukeni WannaCry, kile kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fedha. Microsoft walitoa kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu la usalama kilimopitia, Machi 2017. Mei 12 mwaka huohuo shambulizi likaanza, likafika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa. Kiraka kilikuwepo kwa karibu miezi miwili! Mashine nyingi zilizopigwa hazikuwa zimekiweka.

Wa mapokezi hotelini, Nungwi
Sawa, ila tuseme na upande wa pili. Tarehe 19 Julai 2024 apdeti mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, iliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikakwama viwanjani. Ndiyo maana za mapokezi nazichelewesha siku chache. Kwanza naiacha kompyuta ya stoo ipokee, ikiamka salama ndipo naruhusu zilizobaki.

Muuza vipuri, Chake Chake
Mimi nilinunua laptopu ya mtumba, fundi akaniwekea Windows ya kraki na kufunga apdeti zote, akaniambia "itakuwa nyepesi". Nyepesi ilikuwa. Baada ya muda kila faili la hesabu likabadilika jina, halifunguki, na barua ya kudai fedha kwenye kioo. Madeni ya wateja yote yalikuwemo humo. Nimeyakusanya upya kutoka kwenye daftari la mkono, na mengine hayakurudi.

Mwalimu, Wete
Allah akulipe, ndugu wa TEHAMA. Nimejaribu ile ya mtandao wa ndani, inafanya kazi. Sasa swali: mashine zetu ni za zamani, Windows 10. Nasikia muda wake umekwisha?

Wa kitengo cha TEHAMA, Unguja mjini
Umekwisha 14 Oktoba 2025. Kwa mashine za nyumbani kuna mpango wa kuendelea kupata viraka vya usalama hadi Oktoba 2026, lakini lazima ujisajili. Za skuli zina utaratibu wake, wa kulipia. Kabla ya kununua chochote, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc. Hapo utaona TPM, kile kijenzi cha usalama cha mashine; ukiona toleo 2.0 basi umevuka sharti moja kubwa la Windows 11, bado prosesa. Zikishindwa zote, Linux Mint, mfumo wa kutumia badala ya Windows, ni bure na inakwenda vizuri kwenye mashine kongwe. Nikija Pemba nitakuletea kwenye flashi, safi, nishaikagua.