Akili unde (AI) ndani ya kivinjari: ije imewashwa au imezimwa?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tulijadili hili. Kampuni ya akili unde ya Perplexity ilitoa kivinjari cha Comet Julai 2025, OpenAI (wenye ChatGPT) wakaja na chao, Atlas, Oktoba mwaka huohuo. Unauliza, unapewa jibu lililokwishachambuliwa. Ukitaka, kinafungua kurasa na kujaza fomu kwa niaba yako. Msimamo wangu: kujibu maswali, sawa. Lakini uwezo wa kusoma kurasa zako na kutenda uje umezimwa, mtu auwashe mwenyewe.

Mchangiaji wa kwanza:
Napinga, mkuu. Mwenye uoni hafifu akisomewa muhtasari wa ukurasa uliosheheni matangazo, amepumzishwa mateso. Ukizima, wengi hawatajua hata kama kitu hicho kipo. Na kama hofu ni majibu ya uongo, kurasa za kawaida nazo zimejaa uongo.

Mleta mada:
Hoja ya uoni hafifu ni nzito, naikubali. Ila hofu yangu si majibu ya uongo. Agosti 2025 watafiti wa Brave (nao wana kivinjari chao, ni washindani, ndiyo, lakini walionyesha hatua kwa hatua) walificha maagizo ndani ya maoni kwenye jukwaa la Reddit. Mtumiaji aliomba Comet imfupishie ukurasa, basi. Comet ikatii yale maagizo: ikachukua anwani yake ya barua pepe, ikaingia Gmail iliyokuwa wazi, ikasoma namba ya siri ya kuingilia inayotumika mara moja, kisha ikavibandika vyote viwili pale Reddit kama jibu. Yeye hakubofya kitu kingine chochote.

Chanzo ni kwamba ombi lako na maandishi ya ukurasa vinaingia kwenye akili unde kwa mlango mmoja, na haijui kwa uhakika nani bwana wake. Kivinjari cha kawaida kinazuia tovuti moja isichungulie nyingine. Huyu msaidizi wa akili unde anaingia kote kwa jina lako, benki ikiwemo. Perplexity waliziba tundu; Brave wakajaribu tena, wakasema halijazibika sawasawa.

Mchangiaji wa pili:
Mnasahau wanaoandika hizo kurasa. Kituo cha utafiti cha Pew kilifuatilia watumiaji wa Google nchini Marekani, Machi 2025: palipokuwa na muhtasari wa akili unde, viungo vya kawaida vilibofywa katika asilimia 8 ya utafutaji, pasipokuwa nao, asilimia 15. Mwandishi atakula nini?

Mleta mada:
Hilo ni kubwa na linanikera pia, ila kuzima kitufe changu mimi hakutamlipa mwandishi. Linahitaji mada yake.

Nirudi kwa mchangiaji wa kwanza. Atlas tayari ina namna ya kumtuma msaidizi bila kuingia kwenye akaunti zako. Mwenye uoni hafifu bado atasomewa ukurasa wake. Kwa nini hiyo isiwe ndiyo hali ya kuanzia kwa kila mtu?