Kutambua hatari barabarani kwa vihisi kabla ajali haijatokea

Swali

Wanajukwaa, ninaandaa mradi wa kutambua matukio ya watu kukoswakoswa barabarani, ambayo hayaingii katika kumbukumbu za ajali kwa kuwa hakuna aliyeumia. Nimefikiria kutumia kihisi cha mwendo kilichomo ndani ya simu ya dereva, kisha kuhesabu kila breki ya ghafla kuwa tukio la hatari. Je, inatosha, au ni lazima niwe na kamera na rada?

Jibu la kwanza

Ndugu, breki ya ghafla ni dalili tu. Dereva mwenye mazoea ya kukanyaga breki kwa nguvu atakujazia kumbukumbu bure, ilhali aliyesinzia, ambaye ni wa kuogopwa zaidi, hatagusa breki kabisa. Na simu ikianguka kutoka kwenye kishikizo, nayo itahesabiwa. Pima muda uliobaki kabla ya kugongana endapo hakuna atakayebadili mwendo, yaani umbali uliopo ugawanywe kwa tofauti ya kasi. Gari la kilomita 90 kwa saa husafiri mita 25 kila sekunde. Likiwa mita 15 nyuma ya lori linalokwenda mita 15 kwa sekunde, zimebaki sekunde 1.5, na hicho ni kiwango ambacho watafiti wengi hukitumia kama mpaka wa hatari kubwa. Kihisi cha mwendo cha simu pekee hakiwezi kukupa umbali huo.

Jibu la pili

Naunga mkono, ila kwenye njia panda, ambako njia hukatana, ni afadhali kupima muda unaopita tangu gari au mtu wa kwanza aondoke mahali fulani hadi wa pili afike mahali hapohapo. Kamera juu ya nguzo huifanya kazi hiyo vizuri mchana, lakini mvua na mwanga mkali huisumbua. Rada hupima kasi moja kwa moja hata gizani, ingawa hupata shida kutofautisha mtu aliyesimama na nguzo iliyo karibu naye. Ukiviunganisha, saa zake zilingane: kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kosa la sehemu ya kumi ya sekunde ni karibu mita 1.7, na hapo mtembea kwa miguu aliyekwisha kuvuka ataonekana bado yuko mbele ya gari.

Muulizaji

Nashukuru. Na kengele za uongo je?

Jibu la kwanza

Inategemea mfumo utafanya nini. Ule unaofunga breki wenyewe, kama ule uliofanywa lazima kwa magari mapya yote katika Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024, haupaswi kushtuka ovyo, kwani gari la nyuma litakugonga. Wako unaandika kumbukumbu tu, kwa hiyo legeza kiwango, kisha mtu azipitie video. Apitie pia baadhi ya zile ambazo mfumo haukuzitilia shaka; akitazama zenye kengele peke yake, ataziona kengele za uongo lakini hatajua ni hatari ngapi zimeupita.