Je, sumu ya nyanya ndiyo inayowafanya mbu wasife?

Mkulima wa Bondeni

Wanajukwaa, habari za jioni. Ninalima mpunga na nyanya katika Bonde la Kilombero. Nyanya tunazipulizia kila wiki, na kantangaze, yule nondo anayeharibu nyanya, anapozidi hata mara mbili kwa wiki, kisha bomba tunalioshea kwenye mfereji ule ule unaopeleka maji kwenye majaruba ya mpunga. Juzi nilichota maji ya jaruba kwa kata nikakuta viluwiluwi wa mbu tele, wamelala sambamba na uso wa maji, wazima kabisa. Nilipofika nyumbani nikasoma lebo ya chandarua, ambayo imeandikwa deltamethrini, na chupa ya sumu ya nyanya, ambayo imeandikwa lambda-sihalothrini. Majina haya yanafanana mno. Je, dawa hizi zina undugu, na watafiti wamegundua nini kuhusu jambo hili?

Mwanafunzi wa Elimu ya Wadudu

Ndugu Mkulima, undugu upo, tena wa karibu. Zote mbili ni pirethroidi, yaani kemikali zilizotengenezwa kwa kuiga sumu iliyomo katika maua ya pareto, yale yanayolimwa Iringa na katika nyanda za juu za Kenya. Sumu hiyo hushikilia wazi milango midogo ya sodiamu katika neva za mdudu, hivyo mdudu hutetemeka, hupooza, kisha hufa. Mbu aliyezaliwa na mlango wenye umbo lililobadilika kidogo hashikiki vizuri. Kwa kuwa DDT, dawa ya wadudu ya zamani, nayo hulenga mlango huo huo, mbu aliyezoea mojawapo mara nyingi huihimili na nyingine, na ndiyo maana watafiti waliofanya kazi Burkina Faso walikuta mbu sugu zaidi katika maeneo ya pamba, ambayo yalikuwa yamepuliziwa kwa miaka mingi.

Hao uliowachota ni anofelesi, wanaoeneza malaria. Kiluwiluwi wa kuleksi, aina nyingine ya mbu, huning'inia kichwa chini. Maji ya kuoshea bomba yakishachanganyika na ya mfereji huwa na sumu kidogo mno, inayoua viluwiluwi dhaifu na kuwaacha wenye nguvu wakue na kuzaa.

Usugu wenyewe haupimwi kwa kukisia. Mbu jike kati ya 20 na 25, wenye umri wa siku tatu hadi tano na ambao hawajanyonya damu, huwekwa ndani ya mrija wenye karatasi iliyopakwa dawa kwa saa moja, kisha huhamishiwa kwenye mrija safi na kupewa maji ya sukari kwa saa 24. Jaribio hurudiwa kwa mirija kadhaa, na wakifa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika.

Afisa Ugani Mstaafu

Nakubaliana na mwanafunzi kuhusu kemia yake, lakini naomba tusimtwike mkulima mzigo wote. Hapo hapo Kilombero, mbu anayesababisha zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi ya malaria ni *Anopheles funestus*, ambaye hupenda kutaga katika maji ya kudumu yenye majani, kama vile kingo za mito na visima vya chemchemi, ambayo mara nyingi yako mbali na bustani za nyanya. Huyu usugu wake umechangiwa sana na vyandarua vyenyewe, na dawa inayopuliziwa ukutani. Afrika Kusini walipoiacha DDT mwaka 1996 na kuanza kupulizia pirethroidi majumbani, haikuchukua miaka minne kabla ya funestus sugu kukutwa ndani ya nyumba zilizokwisha kupuliziwa. Malaria ikapanda sana, na DDT ikarudishwa mwaka 2000.

Habari njema ni kwamba jibu mojawapo limepatikana kwetu. Katika utafiti wa Misungwi, mkoani Mwanza, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, vyandarua vya kawaida vililinganishwa na vile vilivyoongezewa klorfenapiri, kemikali isiyogusa neva bali inayozima uzalishaji wa nishati ndani ya chembe hai za mbu. Baada ya miaka miwili, asilimia 45.8 ya watoto waliopimwa katika vijiji vya vyandarua vya kawaida walikuwa na malaria, dhidi ya asilimia 25.6 katika vijiji vya vyandarua vipya. Lakini angalizo: klorfenapiri nayo inauzwa kama sumu ya mazao, na hapo ndipo hoja ya mwanafunzi inaponirudia.

Mama Shamba, Siaya

Mimi mahindi sipulizii, na nadhani hilo ni sehemu ya jibu. Tunatumia vuta-sukuma, mbinu iliyobuniwa na watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kule Mbita pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, na harufu yake humfukuza nondo wa funza wa mabua. Majani ya nepia yanayozunguka shamba humvuta akatage huko, ambako watoto wake wengi hufa. Mizizi ya desmodiamu huzuia pia gugu la kiduha, ambalo huku tunaliita kayongo, na kwangu hilo ndilo lililonivuta kuliko funza. Sitaficha kwamba mbegu yake ni ghali na palizi ya msimu wa kwanza inachosha, wala kwamba haiwezi kuokoa nyanya za ndugu yetu.

Mkulima wa Bondeni

Nawashukuru nyote. Bomba sasa nitalioshea pembeni, mbali na mfereji. Nina swali la nyongeza: muuzaji wa pembejeo ameniambia kwamba dawa yake ya bakteria ya kuua viwavi, nikiimwaga jarubani, itaua na viluwiluwi. Je, ni kweli?

Mwanafunzi wa Elimu ya Wadudu

Hapana, usipoteze fedha zako. Bakteria ni yule yule *Bacillus thuringiensis*, lakini aina zake hutofautiana: inayouzwa kwa ajili ya viwavi kwa kawaida ni kurstaki, ilhali inayoua viluwiluwi ni israelensis, iliyogunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negevu. Zote hazidhuru mpaka mdudu azile, kwa sababu fuwele zake huyeyukia tumboni na kulitoboa. Dawa ya viluwiluwi ya jamii hiyo hutengenezwa pale Kibaha, katika kiwanda kilichojengwa kwa teknolojia ya Kuba, kwa hiyo mwulize afisa afya wa kata namna ya kuipata na kipimo chake. Wakati ukisubiri, ikiwa unalima kwa kilimo shadidi, yaani mpunga wa maji machache, acha jaruba likauke kila baada ya siku chache kama kilimo hicho kinavyoelekeza. Kiluwiluwi huhitaji takriban wiki moja au zaidi kidogo ndani ya maji kabla hajawa mbu. Hakikisha tu kwamba hata vidimbwi vya nyayo vimekauka, kwa kuwa anofelesi hutaga hata kwenye alama ya kwato za ng'ombe.