Waliopita chuo wakitokea Tabora na Kigoma: tupeane uzoefu wa mkopo, koziweki na wahadhiri

MtotoWaUjiji: Kila msimu wa mkopo ni kilio kilekile. Yatima wa Uvinza ananyimwa asilimia za maana huku cheti cha kifo cha baba kimo kwenye begi. Cheti peke yake hakitoshi jamani. Kinahakikiwa RITA kwanza, wale wakala wa usajili wa vizazi na vifo, unapewa namba, namba hiyo ndiyo unaijaza kwenye mfumo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo. Na vijijini vifo vingi havisajiliwi kabisa, mtu akishazikwa basi. Anza kwa mtendaji wa kijiji, kisha wilayani. Usingoje dirisha la maombi lifunguliwe.

Mgebuka Mkavu: Kweli tupu.

Isevya Juu: Mkopo ni mlango tu. Ndani unakuta darasa la watu mia nne na maiki moja, wa nyuma wanapiga picha slaidi. Seminari zenyewe zinafutwa kwa kukosa wasaidizi, halafu testi inasahihishwa harakaharaka na alama zinapotea. Vyuo vingi koziweki, yaani alama za kazi na testi za muhula, ni 40, na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ni 60. Testi ya alama 15 ikipotea unaanza UE ukiwa na 25 kama kiwango cha juu, sapu hiyo, mtihani wa marudio, inanukia. Dawa: saini orodha ya mahudhurio kabla hujatoka chumba cha mtihani. Karatasi ikirudi, ipige picha. Koziweki zikibandikwa, kagua siku hiyohiyo. Likiwapo pengo, barua kwa mkuu wa idara kupitia kwa mhadhiri, nakala ubaki nayo imegongwa muhuri. Matokeo yakishapita seneti ya chuo, kurekebisha ni shughuli nyingine.

Bwana Asali: Barua! Mhadhiri akikukariri jina umekwisha. Mfuate ofisini kwa adabu.

Isevya Juu: Adabu haina muhuri, kaka. Acha kutisha watoto.

Bwana Asali: Haya, tutaonana kwenye sapu.

Dada Kasulu: Mnawasahau wasioona. Handauti iliyoskaniwa ni picha, programu ya kusoma skrini inanyamaza kimya. Ombeni faili la Word, mapema, wiki ya kwanza.

Mgebuka Mkavu: Si wasome Chuo Kikuu Huria tu, vituo vipo Tabora na Kigoma, huhami hata mtaa.

Dada Kasulu: Na bando la kusomea mtandaoni utawanunulia wewe?

Kiloleni2: Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha fomu foo matatu. Kiapo cha mahakamani kinatosha?

MtotoWaUjiji: Waulize RITA kabla hujalipa wakili. Wakati mwingine wanataka didi poli, ile hati ya kubadili jina.