Shusha macho, mpwa

Mimi: Shikamooni wakubwa. Namchorea mtoto wa Dada kadi ya katuni. Nimeshajaribu mara nne. Hii ndiyo ya nne.
[picha]

Mama Mdogo: Marahaba mwanangu. Rangi umepaka vizuri, ila mimi hapa simwoni mchanga. Naona mtu mzima aliyefupishwa.

Mimi: Hapo ndipo ninapokwama Mama Mdogo. Nimepunguza kila kitu: mikono midogo, miguu midogo, kichwa kidogo.

Mjomba: Kichwa ndicho kilichokuangusha, mpwa. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote. Mtu mzima ana urefu wa vichwa saba na kitu. Na kwenye katuni tunazidisha, hata theluthi unampa.

Dada: Amelala hapa, nimempima kwa uzi. Utosini hadi kidevuni, halafu nikaushusha mpaka kisiginoni. Mara nne, uzi ukazidi kidogo 😊

Mjomba: Umeona. Sasa chukua karatasi mpya, penseli usiikandamize. Duara kubwa. Chini yake umbo la yai, upande mwembamba juu, na lisiwe refu kuliko duara. Shingo acha. Kichwa kikae juu ya kifua moja kwa moja.

Bibi: Shingo ya mchanga huioni mpaka uinue kidevu umfute maziwa.

Mimi: Tayari. Macho niweke wapi?

Mjomba: Hapa usiende haraka. Piga mstari wa kulala katikati kabisa ya duara. Mtu mzima macho yake yako karibu na mstari huo. Mtoto, shusha. Macho, pua, mdomo, vyote vikae chini ya mstari. Juu kote ni paji la uso.

Mimi: Pote pale patupu? Patapendeza?

Mjomba: Patapendezaje pakijaa? Kuna mtaalamu wa tabia za wanyama wa Austria, Konrad Lorenz. Mwaka 1943 aliandika kwamba paji kubwa, macho makubwa yaliyo chini usoni na mashavu yaliyojaa huamsha ndani yetu hamu ya kulea. Ndiyo maana hata kitoto cha paka hukipiti hivihivi. Mimi kila ninapochora mtoto naanza na paji hilo, mengine baadaye.

Mjomba: Macho yaachane, katikati paingie jicho zima au zaidi. Mboni nyeusi, kubwa, na kitone cheupe juu, upande uleule kwa macho yote mawili. Pua ni kijitao tu. Mdomo mdogo, karibu na pua.

Mama Mdogo: Na mashavu jamani!

Mjomba: Nilikuwa nayaendea dada. Maduara mawili madogo chini ya macho, yatokeze kidogo nje ya lile kubwa. Zungusha mstari mmoja kwa nje, kisha futa ya ndani. Uso utakuwa mpana chini kuliko juu.

Mimi: Mikono je?

Bibi: Iwe mifupi mjukuu wangu. Mchanga ukimnyoosha mikono juu, viganja havipiti utosi. Mtazame kitukuu changu akiwa anavalishwa.

Mjomba: Mama, hicho ndicho kipimo chenyewe, ongea tu mimi niandike. Mpwa, mkono ni soseji fupi, na pale kifundoni weka kijitao kama pamefungwa uzi. Miguu hivyohivyo, ipinde magoti. Unyayo ni punje ya haragwe, vidole vitano vya duara, cha gumba kikubwa zaidi.

Mimi: [picha]

Dada: Mungu wangu. Huyu ni yeye. Hata vile anavyotazama.

Mama Mdogo: Nimeikuza picha mara tatu. Hayo mashavu!

Bibi: Mkono wa kushoto mrefu.

Mimi: Nimefupisha Bibi.
[picha]

Bibi: Sasa sawa. Mungu akukuzie mkono huo wa kuchora.

Mjomba: Vizuri sana mpwa. Pitisha wino juu ya mistari unayoitaka, subiri ukauke kabisa, ndipo ufute penseli. Ukifuta mapema wino utasambaa.

Mimi: Asante Mjomba. Nataka na mwingine analia, kwa ndani ya kadi.

Mjomba: Vichwa na maduara yaleyale. Badilisha matatu tu: macho yafumbe, yawe matao mawili, na mdomo sasa ndio uwe mkubwa, ufike karibu na kidevu. Nyusi zipandishe kwa katikati.

Dada: Ngoja usichore kwa kukisia. Ameamka, na ana njaa. Natuma picha sasa hivi.