Bustani ya mtaa: mabenchi hayakaliwi, ukoka unakanyagwa. Nifanyeje?

MamaWaMiembe
Wakuu, habari za jioni. Niko kamati ya mtaa, Tabora. Mwaka jana tulichanga tukatengeneza bustani kati ya soko na kijiwe cha bodaboda. Tukapanda ukoka, njia ya zege tukaizungusha pembeni, mabenchi manne tukayaweka katikati. Kwa macho pamependeza. Lakini watu wanakata kona kwa kona, ukoka umekufa, umebaki ukanda wa vumbi jekundu ambao watu wawili wanapishana bila kugusana. Nilipanda michongoma kuuziba, siku ya nne nikakuta tundu. Wazee nao wanakaa kwenye mizizi ya mwembe kando ya barabara, mabenchi matupu. Nimeumia, kazi ile niliisimamia mwenyewe. Nizungushie waya?

FundiZege
Dada, usiweke waya. Aliyebeba ndoo kichwani hazunguki. Huo ukanda ndiyo njia yenyewe, umwagie moramu na ushindilie.

Mzee_Kigoma
Shikamooni wakubwa zangu, wadogo marahaba. Huku kwetu ukishuka Barabara ya Lumumba kuelekea stesheni, kivuli cha miembe ndicho kinachopanga nani akae wapi. Mtu anataka mgongo uwe na kitu, macho yaone wapitao. Katikati ya uwanja, juani, anatazamwa yeye.
Hata New York waliyaona haya. William H. Whyte, mtafiti wa maisha ya mijini, alipiga filamu viwanja vya mji ule miaka ya 1970, akakuta watu wanakwenda kukaa palipo na watu. Bustani ya Bryant Park ilikuwa imeinuliwa juu ya barabara na kufichwa na ua wa miti, wauza dawa za kulevya wakaifanya yao. Ilipofunguliwa upya 1992, ua ulikuwa umeondolewa, milango imeongezwa, viti havikufungwa chini, kila mtu anasogeza chake kivulini. Ikajaa. Mwanangu, michongoma yako inakuharibia zaidi ya nyayo.

MamaWaMiembe
Shikamoo mzee. Leo saa moja asubuhi nilisimama pale kuangalia. Waliofuata zege ni wawili tu, mmoja anasukuma baiskeli ya mkaa. Jioni tumeng'oa benchi moja tukalipeleka chini ya mwembe. Hatujamaliza kushindilia udongo, babu mmoja keshakaa, mguu kaukunja, anamenya karanga. Kesho naanza na michongoma. FundiZege, moramu tripu moja itatosha mita arobaini?