Gumzo la kikundi: Simu ya Mama Mkubwa haiwaki

*Kikundi: FAMILIA YA TANDIKA 🏠*

*Zuhura:* Asalam aleykum jamani, hapa ni Mama Mkubwa natumia simu ya Zuhura. Yangu imekufa toka jana magharibi haiwaki kabisa nimebonyeza mpaka kidole kinauma. Asiyenipata asidhani nimemnunia

*Anko Saidi:* Waaleykum salaam dada pole. Ilizima yenyewe au?

*Zuhura:* Imeniponyoka pale kwenye ngazi ya uani natoka kuanika nguo ikaenda kifudifudi kwenye saruji, kuiokota giza tupu. Na haina hata ufa Saidi, kioo kizimaaa

*Dulla:* shkamoo mamkubwa, umeichaji lakini

*Zuhura:* Marahaba mwanangu. Nimeichaji usiku haikuonyesha hata kale kabetri. Asubuhi nikampelekea kijana pale kituoni kaibonyeza mara mbili kaigeuzageuza akasema IC ya pawa, eti kile kidude cha kugawa umeme humo ndani, imeungua, elfu tisini na niiache mpaka kesho. Nikamwambia nileteeni simu yangu

*Anko Saidi:* Elfu tisini bila kuifungua?? Huyo kaona mama na dera lake akajua leo riziki imekuja. Fundi wa kweli anaifungua mbele yako anaitoa betri anaiunga kwenye ile mashine ya umeme yenye namba anaangalia inavuta kiasi gani, ikivuta kabla hata hajabonyeza ujue kuna shoti kwenye bodi, akibonyeza isipovuta kabisa hapo sasa ndo muanze stori za batani ya pawa na hiyo IC yake. Siyo kwa macho kama mganga

*Dulla:* 😂😂 kama mganga

*Anko Saidi:* Saa hizi iko wapi

*Zuhura:* Kwenye ndoo ya mchele

*Anko Saidi:* Si umesema imeangukia saruji? Maji yametoka wapi

*Zuhura:* Jirani kaniambia mchele unavuta kila kitu

*Dulla:* 😂😂😂😂 nimekufa

*Anko Saidi:* Dada mchele hauponyi hata iliyolowa, maji yanabaki kwenye bodi yanaota kutu na lile vumbi la mchele linakwenda kujaa kwenye tundu la chaji. Itoe. Laini umetoa?

*Zuhura:* Hapohapo jana. Ile pini sikuiona nikachokonoa na hereni, sasa na hereni yenyewe siioni. Laini nimeweka hapa kwa Zuhura. Mi sina wasiwasi na simu nina wasiwasi na hela za mchezo, watu 12 elfu ishirini ishirini na kesho napeleka kwa mwenye zamu yake

*Rehema:* Hela haziko kwenye simu Mama Mkubwa ziko kwenye laini, piga *150*00# hapohapo utaziona. Namba ya siri usimtajie mtu hata huyo Zuhura 😂

*Zuhura:* nmeiona hiyo dada Rehema 🙄 (hapa mimi mwenyewe)

*Zuhura:* Alhamdulilah zipo 220,000. Kumbe kuna mmoja hajatoa, na orodha ya nani katoa nani hajatoa iko humohumo kwenye simu

*Rehema:* Mi naona hiyo simu achana nayo tu, tuchange tukununulie mpya, imechoka ile

*Dulla:* kuna mshkaji anauza used kali bei ya kutupa

*Anko Saidi:* Dulla ya mshkaji hapana. Na ukinunua yoyote ile piga *#06# chukua hiyo IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, itume 15090 uone jina linalorudi kama ndo la simu uliyoshika. Mmesahau Juni 2016 TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, walivyozima simu feki, Babu aliamka ana kiredio cha tochi

*Dulla:* basi mamkubwa fungua wasapu kwa simu ya zuhura maisha yaendelee

*Anko Saidi:* Asifungue! Bakapu hajawahi kuweka huyu, akifungua huko ya zamani inajitoa na meseji zake haziji. Dada fanya hivi kwanza, shika batani ya pawa na ya sauti ya chini kwa pamoja sekunde kama 20 usiachie, kuna wakati imeganda tu

*Zuhura:* Ngoja niswali kwanza ndo nijaribu

*Zuhura:* JAMANI

*Zuhura:* KUNA ADHANA INATOKA KWENYE NDOO YA MCHELE

*Dulla:* 😂😂😂😂😂

*Anko Saidi:* Allahu akbar. Sasa simu si nzima hiyo! Kilichokufa ni kioo, au waya wake umechomoka ilipodunda. Tungeipigia ingeita ila laini ulishaitoa ndo maana wote tukaizika. Na yule wa elfu tisini alikuwa anakuuzia IC ya simu inayoadhini 😤

*Zuhura:* Mwili wote umenisisimka Saidi

*Anko Saidi:* Dulla mpeleke Kariakoo mtaa wa Aggrey. Afunguliwe mkiwa mmekaa hapo. Akisema anaiflashi, yaani anaiwekea programu upya, mkatae, kuflashi kunafuta kila kitu na ugonjwa wenyewe siyo huo. Kama ni kioo kipya mkijaribu kabla hajapiga gundi, buruza kidole mpaka pembeni kote halafu piga simu weka sikioni uone kama kinazima

*Rehema:* Mbona haraka hivyo si waende hata wiki ijayo

*Dulla:* 2mefika. jamaa kafungua, kiwaya cha kioo kilikua kimeachia nusu, kakisafisha kakirudisha IMEWAKAAAA 🔥🔥 15,000 tu

*Dulla:* ila kuna mstari mweusi pembeni anasema kioo kimepata mshtuko kinaweza kuzingua mbele ya safari

*Zuhura:* (Zuhura huyu) mama kauacha mchele nnaupika huu huu

*Mama Mkubwa:* Nimerudi hewani wanangu. Mstari ni kama uzi nitaishi nao. Nimefungua orodha. Ambaye hajatoa mchezo ni Rehema

*Dulla:* 👀

*Anko Saidi:* Aah kumbe "tukununulie mpya" 😂😂

*Rehema:* Natuma sasa hivi Mama Mkubwa mtandao ulikuwa unasumbua

*Mama Mkubwa:* Na ya kutolea uweke

*Zuhura:* jamani Babu kauma hereni kwenye wali